Ukikabidhi Kitu cha Kale, Dai Stakabadhi



Kila asubuhi upelekapo maziwa yako penye gari la chama, karani huyapima, huandika uzito katika kitabu chake, kisha huandika uzito ule ule katika kitabu chako. Usingekubali kumwachia mkebe mzima na kurudi nyumbani bila hata karatasi. Si kwa kuwa karani ni mwizi. La. Ni kwa sababu mwisho wa mwezi hesabu isipopatana, na maandishi hakuna, hapana wa kuulizwa. Mwenye kosa na asiye na kosa huwa sawasawa.

Sasa tuseme mkulima yule yule analima, na jembe la trekta linafukua bakuli la jiwe, au bangili ya chuma iliyoliwa na kutu. Yeye ni raia mwema. Anakichukua kitu kile, anakipeleka ofisini, anakiweka juu ya meza, anashukuriwa, naye anarudi zake shambani. Miaka mitatu baadaye mwanawe aliye shuleni anamwuliza, "Baba, lile bakuli letu liko wapi?" Hana la kujibu. Afisa aliyelipokea amehamishwa. Aliyemfuata hajapata kuliona. Hakuna kitabu kinacholitaja. Limepotea mikononi mwa Serikali, na hapana awezaye hata kuthibitisha kwamba lilipata kuwako.

Makala hii yaeleza namna ya kuzuia hasara hiyo. Yaeleza vilevile nini cha kufanya ikiwa umekwisha kukabidhi kitu, nawe huoni kilikokwenda.

VITU VILIVYOMO CHINI YA SHAMBA LAKO

Usidhani jambo hili ni la watu wa pwani peke yao, kwenye magofu ya kale. Nakuru na sehemu zote za katikati ya Bonde la Ufa ni ghala kubwa la vitu vya kale. Pale Hyrax Hill, kando ya barabara ya Nairobi, karibu sana na mji wa Nakuru, Bibi Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938 akakuta makaburi ya kale, vyungu na misingi ya nyumba za mawe. Mahali hapo palitangazwa kuwa pa kuhifadhiwa mwaka 1943, na leo kuna makumbusho ambayo wewe na watoto wako mwaweza kuingia. Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, yaonekana mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na watu walioishi zamani mno, kabla hajakuwako mtu wa kulima wala wa kufuga.

Tena yapo mashimo yale mapana yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Wakulima wengi wa nyanda za juu wameyaona, nao hudhani ni machimbo ya udongo. Wataalamu waliochimba Hyrax Hill na Lanet walitambua kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yamechimbwa ubavuni mwa kilima, na nyumba ya mwenye mali imejengwa kando. Mashimo kama hayo yako kwa maelfu katika nyanda za magharibi ya Kenya. Mengine yamo ndani ya mashamba yaliyogawanywa tangu mpango wa ekari milioni ulipoanza mwaka 1962, na kila msimu jembe huyafuta kidogo kidogo.

Kwa hiyo unapolima, unapochimba choo, kisima au mtaro wa kuzuia mmomonyoko, huenda ukakutana na vigae, shanga, mawe ya kusagia, mabakuli ya mawe, vichwa vya mikuki, bangili au mifupa.

MASHINE ZA KUTAFUTA CHUMA

Siku hizi wapo watu wapitao na mashine za kutafuta chuma ardhini, ambazo wengi huziita detekta. Wachimbaji wa dhahabu huzitumia. Mashine hiyo ina mviringo wa waya unaopitishwa umeme. Umeme huo hutoa nguvu mfano wa sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta chuma, fedha, shaba au dhahabu, nguvu hiyo hurudi imebadilika, na mashine hulia. Sarafu ndogo huonekana ikiwa imefukiwa kiasi cha shubiri moja, au kupita hapo kidogo. Mashine haijui thamani. Boliti ya plau ya mlowezi na mkuki wa miaka mia nne vyote huilizia sauti.

Jihadhari na mambo matatu. Kwanza, mtu akija kukuomba apitishe mashine katika shamba lako mgawane kitakachopatikana, fahamu kwamba kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa pasipo leseni ni kosa la sheria, hata kama shamba ni lako na hati unayo. Pili, mashine ikilia, mwenyewe huchimba shimo palepale na kukichomoa kitu peke yake, akaviacha vigae na shanga ambavyo mashine haikuvisikia. Na hivyo ndivyo vingelieleza kitu kile ni cha nani na cha lini. Tatu, si kila chuma ni cha kuchezea. Ukiona kitu mfano wa kombora au bomu, usikiguse wala usikisogeze. Waondoe watoto na mifugo, upige simu polisi.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ilipitishwa mwaka 2006. Mambo yake makuu kwa mkulima ni haya:

Vitu vya kale vilivyomo ndani ya ardhi ni mali ya Serikali, maana yake ni mali ya wananchi wote. Hati ya shamba haikupi ruhusa ya kuviuza.

Sheria huita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kwa hiyo sarafu ya shilingi ya 1922, au kijiko kilichoachwa na wafungwa wa Kiitaliano wa vita vya pili katika kambi ya Gilgil, hakimo katika hesabu hiyo. Lakini si kazi yako kuamua umri. Kama una shaka, onyesha.

Aliyevumbua kitu chenye maana kwa elimu ya mambo ya kale hupaswa kutoa habari kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, aeleze mahali hasa na jinsi alivyokiona, na akikabidhi kwa Makumbusho au kwa Mkuu wa Wilaya kihifadhiwe kwa muda. Kazi hiyo ya Mkuu wa Wilaya sasa hufanywa na Naibu Kamishna wa Kaunti.

Angalia neno hilo: kwa muda. Ofisi ya utawala si ghala la vitu vya kale. Ni kituo cha njiani tu. Na safari yenye vituo vingi ndiyo yenye hatari nyingi.

Ikiwa ulichoona ni mifupa ya mtu, usiiondoe. Funika kwa matawi, uwaarifu polisi na chifu. Huenda ni kaburi la kale, na huenda ni jambo la jana.

MAHALI NI NUSU YA KITU

Kabla hatujafika kwenye stakabadhi, sikiliza kisa kilichotokea Kenya hii hii. Mwaka 1932, pale Kanam, karibu na mlima wa Homa katika ufuo wa Ziwa Victoria, msafara wa Dakta Louis Leakey ulipata kipande cha taya la mtu. Dakta Leakey alisema ni la kale sana. Ili asisahau mahali, alipigilia vigingi vya chuma ardhini. Mwaka 1935 alirudi pamoja na Profesa Percy Boswell kutoka Uingereza, aliyetaka kupaona kwa macho yake. Vigingi havikuwako. Wenyeji walikuwa wameving'oa, maana chuma ni kitu cha kufaa, na mvuvi hakosi kazi yake. Picha moja iliyoonyeshwa kuwa ndiyo ya mahali hapo ikagunduliwa kuwa ni ya mahali pengine. Profesa Boswell akaandika katika gazeti la wataalamu kwamba mahali pa taya hapajulikani. Sifa ya Dakta Leakey iliteremka sana, na wataalamu walibishana juu ya umri wa taya hilo kwa miaka mingi.

Taya lenyewe halikupotea. Kilichopotea ni mahali lilipotoka, nalo likapoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Basi usitegemee kigingi. Pima kwa hatua kutoka vitu visivyohamishika: pembe ya ploti, daraja, mti mkubwa, kona ya nyumba. Pima kutoka vitu viwili, si kimoja. Andika kina kwa sentimita. Ikiwa una simu, piga picha ya shimo kabla hujakiondoa kitu, na simu ikikuonyesha namba za ramani, ziandike.

STAKABADHI IWE NA MAMBO GANI

Ukifika ofisini, usitoe kitu mfukoni na kukiacha juu ya meza. Omba kwa adabu kiandikwe mbele yako, na upewe karatasi. Afisa mwema atafurahi, kwa maana karatasi hiyo yamlinda yeye pia. Kama ofisi haina kitabu cha stakabadhi, andika mwenyewe karatasi mbili zilizo sawa, mtie saini zote mbili, naye apige muhuri. Moja yako, moja ya ofisi. Iwe na mambo haya:

1. Tarehe ya kukabidhi na tarehe kitu kilipopatikana.

2. Jina la ofisi, jina la afisa aliyepokea, cheo chake, saini na muhuri. "Nimepokea" bila jina si stakabadhi.

3. Jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya ploti na jina la skimu.

4. Maelezo ya kitu: ni nini, kimetengenezwa kwa kitu gani, urefu, upana, uzito, rangi, alama zake, na mahali kilipovunjika. Unajua mwenyewe kwamba ng'ombe akiibiwa, polisi hawatosheki ukisema "ng'ombe mmoja mweusi". Wataka kujua pembe, baka, na chapa ya sikioni. "Kitu cha kale kimoja" si maelezo.

5. Idadi. Shanga zihesabiwe moja moja. "Shanga kadhaa" zaweza kuwa hamsini leo na kumi kesho, na maandishi yakabaki kweli.

6. Mahali kilipopatikana, kama tulivyoeleza juu.

7. Kitapelekwa wapi, lini, na nani atakipeleka.

8. Nafasi iliyoachwa wazi ya kuandika namba ya Makumbusho. Kitu kikipokewa na kuandikishwa huko, hupewa namba yake. Rudi uiulizie, uijaze. Namba hiyo ndiyo kama namba ya mkulima katika kitabu cha chama: bila hiyo hakuna awezaye kukipata kitu katika ghala lenye maelfu.

Pamoja na hayo piga picha: upande wa juu, upande wa chini, na kando, na rula au sanduku la kiberiti liwekwe karibu ili ukubwa uonekane.

VITU HUPOTEAJE KATIKA OFISI NA MAKUMBUSHO

Huenda ukasema, "Nikikifikisha Nairobi, au hata Ulaya, kitakuwa salama." Usalama hauletwi na ukubwa wa jumba. Makumbusho ya Uingereza mjini London, yaliyoanzishwa mwaka 1753, ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Mwezi wa Agosti 2023 yalitangaza kwamba vitu vingi vilikuwa vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Hesabu ilifika kama 2,000. Vingi vilikuwa vidogo: vito vya kuchongwa, vipande vya dhahabu na vioo, vilivyowekwa ghalani wala havionyeshwi kwa watu.

Vilitokaje pasipo kujulikana? Sababu kubwa ni kwamba vingi havikuwa vimeandikishwa kimoja kimoja. Kitu kisicho katika kitabu kikiondoka, kitabu hakipungui. Tena mfanya biashara mmoja wa vitu vya kale, Ittai Gradel wa Denmark, alikuwa ameonya tangu mwaka 2021 kwamba anaona vitu vya Makumbusho vikiuzwa. Akajibiwa kwamba vyote vipo salama. Miaka miwili ikapita kabla ukweli haujatangazwa. Mkurugenzi, Hartwig Fischer, alijiuzulu mwezi huo huo wa Agosti 2023. Wachunguzi walipomaliza kazi yao mwezi wa Desemba, walieleza kwamba vitu kama 1,500 vimeibwa au havionekani, kama 350 vimenyofolewa sehemu, na kama 140 vimeharibiwa kwa zana. Kufika Mei 2024 vilikuwa vimepatikana 626. Na dawa iliyoamriwa ilikuwa ipi? Kuandikisha kila kitu, mpaka kidogo kabisa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, kitu kisichoandikwa hakina mlinzi. La pili, aulizaye si adui wa ofisi. Kama onyo la mwaka 2021 lingesikilizwa vema, msako ungalianza miaka miwili mapema.

Wizi ni njia moja tu ya kupotea. Njia nyingine ni za kila siku: afisa kuhamishwa bila kukabidhi ofisi kwa maandishi, lebo kuliwa na mchwa, kitu kuazimwa kwa maonyesho ya kilimo au kwa mtaalamu, na aliyeazima kusahaulika, sanduku kuhamishiwa chumba kingine wakati wa kupaka rangi. Hakuna uovu katika hayo, lakini kwa mwananchi hasara ni ile ile.

PICHA ILIYOREJESHA VIGANGO

Sasa usikie jinsi ushahidi mdogo unavyoweza kurudisha kitu cha mbali. Wamijikenda wa pwani huwasimamishia wazee wao waliofariki nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Si mapambo, ni watu wao. Mwaka 1985 mtaalamu kutoka Marekani, Bibi Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibwa.

Mwaka 1999 Bibi Udvardy alikuwa katika mkutano huko Marekani. Zilipoonyeshwa picha za vitu vilivyo katika makumbusho, akakitambua kigango kimoja. Kilikuwa katika makumbusho huko Illinois. Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Makumbusho yale yalikuwa yamepokea vigango bila kuuliza vya kutosha vimetoka wapi. Ikachukua miaka mingine, lakini mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa wenyewe. Isingekuwa ile picha moja, nani angaliweza kusema, "Hiki ndicho, na pale ndipo kilipokuwa kimesimama"?

NANI AULIZWE?

Kanuni ni nyepesi: kitu kimo mikononi mwa yule aliyetia saini mwisho. Chifu akikipokea na kutia saini, chifu ndiye wa kujibu, mpaka atakapoonyesha saini ya aliyemkabidhi. Naibu Kamishna akikipokea, ni yeye, mpaka aonyeshe saini ya Makumbusho. Makumbusho yakikipokea, ni Makumbusho. Ni kama ndoo za maji zinazopitishwa mkono kwa mkono wakati wa moto: ukijua mkono wa mwisho ulioishika, unajua ilipomwagika.

Tena afisa hapokei kwa jina lake, hupokea kwa cheo chake. Akihamishwa, deni hubaki ofisini. Usikubali jibu la "aliyekuwapo ameondoka".

Yafaa pia ujue mapema ni mkono gani wenye haki ya kupokea. Mwaka 2000, katika vilima vya Tugen huko Baringo, yalipatikana mabaki ya kiumbe wa miaka kama milioni 6, ambaye wataalamu Brigitte Senut na Martin Pickford walimwita Orrorin tugenensis mwaka 2001. Habari zilienea duniani kote. Lakini palikuwa na ugomvi mkali kati ya wachimbaji hao na shirika walilofanya kazi nalo kwa upande mmoja, na Makumbusho ya Taifa kwa upande wa pili, juu ya vibali na juu ya nani astahiliye kusimamia kazi hiyo. Kwa muda mabaki yale yaliwekwa katika benki mjini Nairobi. Wenye mamlaka wanapogombana, mwananchi wa kijijini ndiye asiyejua aulize mlango gani. Kwa hiyo mtu akija na gari zuri na karatasi nyingi kuchukua vitu shambani, mwombe leseni yake, nakili namba yake, na uwaarifu Makumbusho ya Taifa kabla hujamkabidhi chochote.

UKIULIZA USIJIBIWE

Anza kwa upole. Nenda na stakabadhi yako, uliza. Mara nyingi jambo huisha hapo. Lisipoisha, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ni wajibu wake kumwandikia. Hakuna malipo ya kupeleka ombi. Waweza kutozwa gharama ya nakala tu. Huna haja ya kueleza sababu.

Waweza kuandika hivi:

"Kwa Mkuu wa Ofisi. Mnamo tarehe (taja) nilikabidhi katika ofisi yako bakuli moja la jiwe, nikapewa stakabadhi ambayo nakala yake nimeiambatisha. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba kuelezwa: kwanza, bakuli hilo liko wapi leo, pili, limeandikishwa kwa namba gani, tatu, kama limehamishwa, lilihamishwa lini, kwa idhini ya nani, na nani alilipokea. Naomba jibu kwa maandishi. Wako mtiifu."

Weka nakala, na uombe ya kwako ipigwe muhuri wa kupokewa. Ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa kazi ni kubwa yaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Siku zikipita kimya, sheria huhesabu kwamba umekataliwa. Hapo una siku 30 za kupeleka shauri lako kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita ofisi ya Mtetezi wa Umma. Tume ina nguvu ya kuiamuru ofisi itoe habari.

Na ikiwa dalili ni za wizi, usingoje barua. Nenda kituo cha polisi, utoe taarifa, upewe namba ya OB. Peleka picha zako. Picha na vipimo ndivyo vitakavyowezesha kitu kutambuliwa uwanja wa ndege, mpakani, au katika duka la mji wa mbali.

KAZI YA CHAMA NA KIJIJI

Mtu mmoja huchoka. Chama hakichoki upesi. Yafaa kila skimu iwe na daftari moja la vitu vya kale, litunzwe na katibu wa chama au mwalimu mkuu wa shule. Liandikwe: kitu, ploti, tarehe, aliyekabidhi, aliyepokea, namba ya Makumbusho. Mara moja kwa mwaka, katika mkutano mkuu, daftari lisomwe, na katibu aandike barua kuuliza vitu vyote kwa pamoja. Ofisi yenye kujua kwamba itaulizwa kila mwaka hutunza kabati lake vizuri. Gharama ni bei ya daftari na stempu.

Wala msisahau kuwapeleka watoto Hyrax Hill. Atakayemwona bao lililochongwa katika mwamba na watu wa kale atajua kwa nini baba yake alihangaika kwa ajili ya bakuli moja.

MFANO WA NJORO

Tumalizie nyumbani. Mwaka 1938, katika shamba la mlowezi Bibi Nellie Grant kando ya mto Njoro, kulikuwa na pango lenye mifupa. Habari zilipelekwa kwa wataalamu, nao akina Leakey wakachimba. Walikuta mabaki ya watu karibu 80, waliochomwa moto na kuzikwa kwa heshima. Pamoja nao walikuwamo mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia, shanga za mawe ya rangi, hata chombo cha mti kilichochongwa kwa ufundi na kugeuka mkaa. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba mambo hayo yalitendeka kiasi cha miaka 3,000 iliyopita. Walikuwa wafugaji, kama wengi wetu.

Mwaka 1950 vyote hivyo viliandikwa katika kitabu, pamoja na michoro na hesabu. Leo mtu yeyote aweza kushika kitabu kile, akaingia ghalani, akauliza, "Hiki kiko wapi?" Nani anaweza kumjibu kwamba hakikuwako?

Shamba ulilopewa lilikuwa na watu kabla yako na kabla ya mlowezi. Vitu vyao havina msemaji ila wewe uliyevikuta. Kukabidhi ni wema. Kukabidhi kwa maandishi ni wema uliofungwa kwa kamba. Jembe lako likigonga jiwe lenye umbo la mkono wa mtu, simamisha trekta, chukua kalamu, na utakapofika ofisini usitoke bila stakabadhi.